Je, Yafaa Kutafuta Kazi kwa Kujuana?

Ndugu msomaji, liko swali ambalo vijana wetu wengi huulizana kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo la aibu. Mtu mwenye elimu, aliyekwisha kuifanya kazi yake miaka kadhaa na kuijua, akitaka kuhamia katika kampuni kubwa, je, ni halali awaendee watu waliomo ndani ili wamtaje kwa wakubwa wao? Au yampasa aandike barua yake ya maombi, aitume, kisha angoje kimya mpaka aitwe?

Wengine husema kwamba kumtafuta mtu wa kukutaja ni rushwa iliyovaa kanzu safi. Wengine hucheka na kusema kwamba ndivyo dunia ilivyo, na anayejizuia ni mjinga atakayezeeka akisoma matangazo ya kazi. Maoni yote mawili nayaona yamekosa. Nataka tulichungue jambo hili kwa utulivu, tukichukua kazi moja tu kuwa mfano wetu, nayo ni kazi ya uhasibu na ukaguzi wa hesabu. Kwa maana katika kazi hiyo wema na ubaya wa kujuana huonekana waziwazi kuliko katika kazi nyingine nyingi.

Tumchukue kijana wa Kolo. Kolo ni kijiji cha wilaya ya Kondoa, kaskazini ya mji wa Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Babati na Arusha. Simsemi mtu fulani. Namtoa kwa mfano tu. Kijana huyu alisoma katika Chuo cha Elimu ya Biashara hapo Dodoma, akafaulu mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, akaandikishwa kuwa mhasibu kamili. Kisha kwa miaka sita amekagua hesabu za vyama vya ushirika, akiwa mtumishi wa COASCO, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1982 kwa kazi hiyo hasa, lenye makao yake Dodoma. Anajua jinsi chama cha wakulima wa alizeti kinavyoweza kuwa na stakabadhi zilizopangwa vizuri sana na ghala tupu. Sasa anataka kuingia katika moja ya kampuni nne kubwa za ukaguzi duniani, yaani Deloitte, PwC, EY na KPMG, ambazo zote zina ofisi Dar es Salaam. Humo ndani hana ndugu. Baba yake analima mtama na mahindi.

Kwanza yatupasa kuufahamu mlango wenyewe. Wanaotoka vyuoni huingia katika kampuni hizi kwa makundi: hutangazwa nafasi, hufanyiwa mitihani na usaili, wakachukuliwa wengi kwa pamoja. Lakini mtu mwenye uzoefu hana msimu wake. Nafasi yake hutokea ghafula, pengine kwa kuwa mkaguzi mmoja wa daraja la kati ameondoka, au kwa kuwa amepatikana mteja mpya na hesabu zake zinatakiwa kabla mwaka kwisha. Mkubwa wa idara hawezi kungoja miezi. Basi huwauliza walio karibu naye: mnamjua mtu? Katika nchi nyingi kampuni za namna hii humpa hata zawadi ya fedha mfanyakazi aliyemleta mtu akaajiriwa. Kwa hiyo tangazo linapotoka, kama litatoka, mara nyingi majina mawili matatu yamekwisha kuwa mezani. Mwenye kutuma barua peke yake amefika sokoni jioni.

Usifanye haraka kuliita jambo hili dhuluma. Anayeajiri ana shida ya kweli. Cheti humwambia kwamba mtu huyu alifaulu. Hakimwambii kama mtu huyu atatia sahihi kwamba ameziona gunia 400 ilhali aliishia mlangoni mwa ghala kwa sababu jua lilikuwa kali. Habari hiyo anayo yule tu aliyekuwa pamoja naye ghalani. Basi kumwuliza aliyekuwapo si upendeleo. Ni kutafuta ushahidi.

Hapa atasimama msomaji mmoja na kunikumbusha methali ya wazee: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali nzuri, nami naipenda, lakini husemwa mno na watu wanaoona haya kubisha hodi. Mahindi ya Kolo, hata yawe mazuri namna gani, hayaendi soko la Kibaigwa kwa miguu yake. Na Kolo yenyewe ina ushahidi mkubwa kuliko huo. Katika miamba ya vilima vyake imo michoro ya watu na wanyama iliyochorwa na mikono ambayo hakuna anayeijua. Wenyeji waliijua siku zote. Lakini ulimwengu haukuijua mpaka walipokuja watu walioiona kwa macho yao wakaenda kuieleza: Mary Leakey alifanya kazi ya kuinakili mwaka 1951, akachapisha kitabu juu yake mwaka 1983, na mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza michoro ya Kondoa katika orodha ya urithi wa dunia. Michoro haikuwa bora zaidi mwaka 2006 kuliko mwaka 1906. Kilichoongezeka ni mashahidi. Tena Leakey hakusema michoro ni mizuri kwa kuwa mchoraji alikuwa shemeji yake.

Katika neno hilo la shemeji ndimo ulimo mgawanyiko ninaoutafuta. Kuna kutajwa na aliyeiona kazi yako, na kuna kutajwa na anayekupenda. Kwa nje mambo haya mawili hufanana sana, maana yote mawili ni mtu kusema na mtu juu ya mtu wa tatu. Kwa ndani ni kama stakabadhi ya kweli na stakabadhi ya kughushi. Kwetu Tanzania namna ya pili ina jina lake maarufu: kimemo. Mheshimiwa huandika mistari miwili, “huyu ni kijana wetu, msaidie,” na kijana huingia. Tazama kwamba katika mistari hiyo hakuna hata neno moja juu ya uhasibu. Hakusema kijana anajua nini, alifanya nini, wapi, mwaka gani. Alichokipeleka ni uzito wa jina lake mwenyewe.

Mwaka 1973 mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala iliyopata sifa kubwa. Aliwachunguza watu wa kazi za kitaalamu na za uongozi waliokuwa wamebadili kazi karibuni katika mji mmoja karibu na Boston. Wale waliopata kazi kwa njia ya mtu, aliwauliza: mtu huyo ulikuwa ukimwona mara ngapi? Karibu 17 katika kila 100 walisema walimwona mara nyingi. Karibu 56 walisema mara chache. Karibu 28 walisema kwa nadra sana. Maana yake, aliyewafungulia mlango hakuwa rafiki wa moyoni wala ndugu wa karibu, bali mtu wa mbali: mfanyakazi mwenzao wa zamani, au mtu waliyekutana naye kwa kazi na kuagana. Granovetter alieleza sababu yake, kwamba rafiki wa karibu huzijua habari unazozijua wewe, na mtu wa mbali huzijua zile usizozijua. Mimi ningeongeza sababu nyingine, ambayo ni ya maadili. Mtu wa mbali hana haja ya kukudanganyia. Akikutaja, anataja alichokiona, kwa sababu hana kitu kingine cha kutaja.

Basi kijana wetu wa Kolo asiseme hana mtu. Je, hakuna mkaguzi wa kampuni kubwa aliyewahi kukutana naye katika kazi ya mradi mmoja, akastaajabia namna alivyozipanga hati zake za kazi? Je, hakuna aliyekaa naye katika semina ya Bodi, wakabishana juu ya mizania mpaka chai ikapoa? Je, aliyekuwa mkuu wake mwaka wa kwanza yuko wapi sasa? Hao ndio watu wake, ajapokuwa hakuwahi kula nao pilau ya harusi.

Wale wanaosoma Kurani Tukufu watakumbuka hapa habari za Nabii Yusufu a.s., maana sehemu kubwa ya kisa chake ni kisa cha mtu aliyetajwa. Alipokuwa gerezani alimwambia mfungwa mwenzake aliyekaribia kutoka amtaje kwa bwana wake. Wako wafasiri waliomlaumu Yusufu kwa ombi hilo, wakidhani kwamba kumtegemea mwanadamu kulipunguza tegemeo lake kwa Mungu. Mimi siioni lawama hiyo kuwa na nguvu. Mwenye kulima humtegemea Mungu, na jembe analishika. Mfungwa yule akatoka, akasahau. Miaka ikapita. Siku mfalme alipoota ndoto iliyowashinda wataalamu wake, ndipo yule mtu wa mbali akakumbuka kwamba gerezani alimwona mtu aliyetafsiri ndoto mbili na zote zikawa kweli. Angalia, ndugu msomaji, ni ushahidi wa namna gani: hakusema Yusufu ni mtu wa ukoo bora, ingawa alikuwa hivyo. Alimtaja kwa jambo alilolishuhudia mwenyewe.

Na linalofuata ndilo linalonishangaza kila nisomapo. Mfalme akaamuru aletwe. Mlango umefunguka, naye ni mfungwa! Yusufu akakataa kutoka. Akamrudisha mjumbe, akataka kwanza lichunguzwe lile shauri la wanawake, lililomtia gerezani. Kwa lugha ya kazi tunayoizungumza, alitaka hesabu zake zikaguliwe kabla hajapewa cheo. Hakupenda kibali cha mfalme kiwe shuka la kulifunikia swali. Wale wanawake wakaulizwa, kweli ikadhihirika, ndipo akaja mbele ya mfalme, na ndipo alipoomba mwenyewe, kwa kinywa chake, awekwe juu ya hazina za nchi, akitoa sababu mbili tu: kwamba ni mtunzaji na kwamba anajua. Kwa hiyo kujitaja hakukatazwi, na kutajwa hakukatazwi. Kinachotakiwa ni kwamba baada ya kutajwa uchunguzi ubaki, tena uutake wewe mwenyewe.

Nimesema kwamba katika ukaguzi ubaya wa kujuana huonekana waziwazi. Sababu yake ni hii. Mkaguzi hulipwa na yule yule anayemkagua, kisha watu wengine wasiomlipa chochote, benki, serikali, wenye hisa, wakulima, hulitegemea neno lake. Akisema hati ni safi, huamini. Bidhaa yake pekee ni kwamba hakuna aliyemshika mkono. Sasa tuseme kijana aliingia kwa kimemo. Baada ya miaka mitatu, jalada la kampuni ya yule mheshimiwa linamfikia mezani, na ndani yake mna malipo yasiyo na hati. Huenda mheshimiwa hatampigia simu wala hatamwomba jambo lolote. Haina haja. Kijana atakumbuka mwenyewe. Kalamu itakuwa nzito kidogo, atatafuta maneno laini kidogo, na huo “kidogo” ndio wizi wote unamopita.

Kanuni za kimataifa za maadili ya wahasibu zinalijua jambo hili. Aliyekuwa mtumishi wa mteja katika kipindi kinachokaguliwa, akiwa na uwezo wa kuzielekeza hesabu hizo, hawezi kuingizwa katika kundi la kuzikagua. Na mkaguzi anayezungumza na mteja wake habari za kuajiriwa kwake hupaswa kuiarifu kampuni yake. Hizi si kanuni za kuwafanya watu wasijuane. Ni za kuwafanya waseme wazi kwamba wanajuana.

Pale zinapodharauliwa tumeona matokeo. Kampuni ya Enron ya mji wa Houston ilikaguliwa na Arthur Andersen, na watu wengi wa idara yake ya hesabu, pamoja na mkuu wao, walikuwa wametoka Arthur Andersen. Wakaguzi na wakaguliwa walikuwa wenzi wa zamani. Enron iliomba kufilisiwa Desemba 2, mwaka 2001. Mwaka uliofuata Andersen ilihukumiwa kwa kosa la kuzuia haki, kwa ajili ya hati zilizoharibiwa. Mahakama Kuu ya Marekani iliitangua hukumu hiyo mwaka 2005, lakini kampuni iliyokuwa na watu wapatao 85,000 duniani ilikuwa imekwisha kusambaratika. Wengi wao hawakuwahi kuliona jalada la Enron. Sisemi kujuana peke yake kuliiangusha. Tamaa ya ada kubwa ilikuwamo. Lakini ni vigumu kumwuliza maswali makali mtu uliyezoea kucheka naye.

Kuna hatari nyingine ambayo watu hawaisemi sana, nayo inamhusu zaidi mwenye uzoefu kuliko anayetoka chuoni. Anayetoka chuoni hana cha kuuza ila akili yake. Mwenye uzoefu anajua siri. Anajua chama kipi kina deni, meneja gani anataka kubadili mkaguzi, mwajiri wake wa sasa anatoza kiasi gani. Akikaa na mtu wa kampuni kubwa kunywa kahawa, ulimi humwasha kuonesha kwamba ana thamani. Ndugu yangu, hapo ndipo pa kujizuia. Siri ya mteja haitoki pamoja nawe unapobadili ofisi. Kanuni za kazi hii zasema wajibu wa kuitunza huendelea hata baada ya kuondoka. Na anayekupokea kwa furaha kwa sababu umemletea siri za wengine, siku moja atajiuliza zake utampelekea nani.

Sasa nifikie pingamizi lililo zito kuliko yote. Mtu atasema: hayo yote ni mazuri kwa yule ambaye kazi yake imeonekana na watu wa Dar es Salaam. Lakini yuko mwingine wa Kolo, mwenye uwezo uleule, ambaye miaka sita yote alitunza hesabu za chama kidogo, na hakuna mkaguzi wa kampuni kubwa aliyewahi kufika. Mashahidi wake ni katibu wa chama na wakulima. Je, kwa njia yako ya ushahidi, huyu si ameachwa nje kwa haki kabisa, yaani kwa utaratibu unaoitwa haki?

Jawabu langu si la kuridhisha kikamilifu, wala sitalipamba. Ndiyo, ameachwa nje. Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2018, imeifanya safari kuwa fupi, lakini haikufupisha umbali huu mwingine. Serikali kwa upande wake iliunda Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2007, ili nafasi zitangazwe na kushindaniwa wazi. Kampuni binafsi hazifungwi na utaratibu huo. Kwa hiyo mzigo unawaangukia walioko ndani, na hasa aliyetoka Kolo mwenyewe akaingia. Anapoulizwa “unamjua mtu?”, asilitaje tu jina la aliye karibu naye. Aseme pia: tangazeni, na ruhusuni mitihani, na msiidharau barua ya katibu wa chama cha ushirika kwa kuwa karatasi yake haina nembo ya kupendeza. Katibu aliyeona hesabu zikifungwa kila mwaka bila pengo ni shahidi bora kuliko mkurugenzi aliyemwona kijana siku ya arusi. Atakayesema hivyo huenda akaonekana msumbufu. Naona ni bei ndogo kwa aliyekwisha kuingia.

Naye aliye nje asijifungie. Anaweza kumwandikia mkaguzi asiyemjua barua fupi yenye adabu, akimwuliza juu ya kazi: wanatumia njia gani kukagua akiba ya mazao, ni ujuzi gani unaowapungukia watu wao. Si lazima aombe kazi katika barua ya kwanza. Tena si vizuri. Wengine hawatajibu. Mmoja atajibu, na kwa swali zuri atajua kwamba aliyeuliza amewahi kuhesabu magunia. Huo nao ni ushahidi, mdogo, lakini ni wa kweli.

Imebaki sehemu yako, msomaji, ikiwa wewe ndiwe unayeombwa kumsemea mtu. Sema ulichokiona, na useme ulikiona lini. Kama ana upungufu unaoujua, utaje kwa upole. Mtu aliyesifiwa bila doa hushukiwa, na ni haki ashukiwe. Kabla ya kuandika, jiulize kama ungekubali barua yako isomwe mbele ya yule mwombaji mwingine atakayekosa nafasi. Ikiwa ungeona haya, iache. Na kama kazi yake hukuiona kabisa, mwambie hivyo usoni, kisha mfikirie nani aliyeiona.

Kuna mjomba pia, maana karibu kila kijana wa Kolo ana mjomba Dar es Salaam. Mjomba hajui uhasibu, na hodi yake ofisini italeta hasara. Lakini anacho kitanda, na sahani ya ugali, na anajua gari la kwenda Posta huondoka saa ngapi asubuhi kabla barabara haijafungana. Siku ya usaili kijana atayahitaji hayo yote, na kwa hayo hakuna mtu atakayedhulumiwa.